Upande wa Mpini

Mwanangu Shabani,

Barua zote ulizonisomea tangu ulipojua kusoma zilianza kwa maneno yale yale: sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu huko. Mimi siwezi kuanza hivyo, kwa kuwa huko kwako ni upande wa pili wa ukuta huu, na nasikia kitanda chako cha kamba kinavyolia ukijigeuza. Tungeweza kuzungumza. Lakini haya ninayotaka kukuambia yamenishinda mdomoni kwa miaka kumi na sita, ndiyo maana nimechukua kalamu yako.

Utanisamehe mwandiko. Baba yangu alinifundisha kuandika kwa herufi za chuoni, zinazotoka kulia. Hizi nyingine ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye mgongo wa ungo, mwaka ule ulipoingia darasa la tatu. Uliniambia, "Mama, herufi zako ni kama kaa wa topeni, zinakwenda upande." Nikakupiga kichwani kwa ule ungo, mkaa ukatumwagikia, tukawa weusi wote wawili. Mpaka leo sijausugua vizuri. Nikipepeta mchele naiona A.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchagua watu wa kula nao, wala za kutoazima watu shati lako. Hayo umeyasikia tangu Ijumaa na umechoka nayo. Nataka kukuandikia habari za Jumatatu.

Jumatatu alikuja baba yako mdogo Mbwana na wale wazee wawili wa Kiongoroni. Mbwana akaniambia kwa upole, kama kawaida yake, "Shemeji, tuachie nyumba kidogo, tunamuaga mtoto." Nikatoka uani nikatwanga. Lakini ukuta wa upande ule ni wa makuti, Shabani, na mwanamke anayetwanga husikia kati ya pigo na pigo. Nilimsikia Mbwana akikusomea majina saba, la baba yako likiwa la mwisho. Nilimsikia akisema kwamba Saidi, aliyekuwa tarishi wa Jumbe, sasa yuko Kibiti, amezeeka, ana kesi ya mikorosho katika baraza hilo hilo unalokwenda kuwa karani. Akasema karatasi hupotea. Akasema maneno ya shahidi yakiandikwa na mkono unaojua kuandika yanaweza kumfunga mwenyewe aliyeyasema. Kisha akasema, "Mungu halali. Panga letu limetiwa wino."

Halafu, nikiona kwenye upenyo wa makuti, wakakupa maji kwa kata ile ya zamani, ya kifuu, yenye mpini mrefu. Ukaugeuza mpini ukaelekea kifuani kwako, ukanywa upande wa mpini, kama alivyokunywa baba yako. Mchi wangu ukakosa kinu ukapiga chini.

Basi umekwisha kuapa. Kiapo chenyewe nakijua, ingawa wanawake hawaambiwi. Kipande chake cha mwisho ndicho kilichonikalisha hapa: aliyetoa siri ya kata asipewe maji, na maji ya mkono wake yasipokewe. Kila alfajiri wewe hunywa maji kabla hujafanya neno lolote, kwa hiyo nitaiweka barua hii juu ya kifuniko cha mtungi. Nakuomba uisome yote kabla ya kunywa.

Chama hicho ulichokiapia Jumatatu ulikijua kwanza kwa matusi. Ulikuwa na miaka saba, ukarudi na mdomo umepasuka, ukaniuliza mnywampini maana yake nini. Nikakuambia ni jina la ndege. Ukaenda ukawaambia wenzako kwamba mnywampini ni ndege, wakakupiga tena. Hilo nalikumbuka kila ninapoona midomo yako ikicheka. Kovu liko pale pale.

Hawakuwa wachawi. Walikuwa wakata boriti, watu wanaokaa siku nyingi ndani ya mikoko, matope mpaka mapajani, mbu juu, na mtu akiugua huko hana wa kumtoa ila mwenzake. Waliapa kwamba mmoja akilala na homa wenzake watamkatia sehemu yake. Akifa, watamrudisha kwao hata kama ni mwendo wa siku mbili wa kusukuma mtumbwi kwa upondo. Mjane wake atalimiwa mpunga mpaka mwanawe mkubwa aweze kushika jembe. Na ndiyo, waliwaficha watu waliokimbia kuchukuliwa kazi za nguvu, hilo sitakuficha. Walifanya siri kwa sababu Serikali haikupenda watu wakiapizana, na Jumbe hakupenda neno lolote lisilopita kwake. Alama yao ilikuwa hiyo tu. Watu wote duniani hunywa kwenye kata kwa upande ulio mbali na mpini. Wao waliugeuza mpini ukawaelekea. Mtu mgeni akifika kisiwani kwetu, ukimpa maji, unajua kama ni ndugu.

Baba yako hakuniambia kamwe. Lakini mke haambiwi, na mke ndiye anayechota maji.

Niliona mwaka wa kwanza wa ndoa. Wakija rafiki zake, mmoja baada ya mwingine, mpini kifuani. Nilidhani ni ujinga wa watu wa mikoko, kwamba wamekaa porini mpaka wamesahau namna ya kunywa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilicheka kwa kila kitu.

Sasa nikutajie Mwanaidi. Alikuwa mke wa Saidi tarishi, na alikuwa mtani wangu, ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu mababu. Unajua utani ulivyo. Mtani humnyimi neno. Akikutukana unamtukana, akichukua kuku wako unamwambia ale na manyoya, na ukifa yeye ndiye anayekuja kulia kwa kejeli mpaka wafiwa wacheke. Yule mwanamke alikuwa na kicheko kilichosikika ng'ambo ya mto. Siku moja tulikuwa juu ya dungu shambani, tunaamia ndege wasile mpunga ulioanza kuinama. Akaanza na mimi. Akasema mume wangu ana miguu kama boriti zilizokataliwa na mnunuzi, na hao rafiki zake wananuka tope hata siku ya Idi. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na mtani asiyejibu ameshindwa.

Nikasema, "Afadhali wako, mtani, anajua kunywa maji. Wangu na wenzake wanakunywa kwa upande wa mpini, mpini unawachoma kifua, kama watoto waliokosa mama."

Nikamwigiza. Nikachukua kata, nikaigeuza, nikajichoma kifuani, nikajimwagia. Mwanaidi alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Ndege wote wakaruka, nami nilifurahi kwamba nimemshinda.

Hiyo ndiyo siri, Shabani. Haikuuzwa. Saidi hakujificha mikokoni kuwapeleleza kama unavyoambiwa. Mimi, mama yako, niliitoa juu ya dungu ili nisishindwe utani.

Ukitaka kuacha kusoma hapa, sitakulaumu. Lakini nakuomba usiache, kwa sababu hapa ndipo na mimi nilipokuwa nikiacha kila nilipojisimulia.

Miezi miwili baadaye Jumbe Mkumba alifiwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Hamisi, mvuvi, kijana mcheshi aliyekuwa akikubeba begani sokoni. Walimkuta katika mizizi ya mkoko karibu na Kiongoroni, na mguuni kuna kamba. Waliomtoa majini walisema ile ilikuwa kamba ya wavu wake mwenyewe. Lakini baba aliyefiwa hasikii habari za wavu. Watu wakamnong'oneza kwamba huko mikokoni kuna chama, kwamba wanaapa, kwamba kiapo kinataka mtu. Jumbe alikaa ndani siku saba. Alipotoka, ndevu zilikuwa zimegeuka nyeupe upande mmoja, na alikuwa na neno moja tu: anataka kuwajua.

Namkumbuka kwa huruma, utashangaa. Nilimchukia miaka mingi, lakini sasa nimefiwa zaidi kuliko nilipokuwa kijana, na najua alitaka nini. Alitaka kuwe na mtu. Kifo kisicho na mtu wa kukishika ni kizito mno.

Mwanaidi, kwa kutaka kumchekesha mumewe, alikuwa amekwisha kumsimulia habari ya mpini. Saidi naye, kwa kutaka kumpendeza bwana wake, akaipeleka. Saidi si malaika. Alijua anachopeleka, na hilo halimtoki. Lakini alipeleka kitu alichokikuta njiani, na aliyekiangusha njiani ni mimi.

Jumbe akaita wanaume wote kujenga banda la kufikia Mzungu wa boma. Walifanya kazi tangu asubuhi, jua la kuungua, na amri ilikuwa mtu asinywe mpaka kazi iishe. Adhuhuri wakaitwa wanawake wanne walete mitungi. Mmoja nilikuwa mimi. Ulikuwa mgongoni kwangu, una miaka mitatu, umelala. Tukapewa kata moja tu, mpya, na tukaambiwa mimi ndiye nigawe. Nilidhani ni heshima.

Wanaume wakapanga mstari. Saidi kasimama pembeni yangu. Wa kwanza akanywa, akapita. Wa pili akanywa, akapita. Wa tatu akageuza mpini, na Saidi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe kapumzike pale kwenye boriti." Nikafikiri wanachaguliwa watakaopewa chakula kwanza. Wakapita wengine. Akageuza mwingine, naye akaambiwa akapumzike. Wa tatu wao alipokwenda kukaa kwenye boriti, nikawatazama wale watatu. Wote nilikuwa nimewapikia. Nikasikia kicheko cha Mwanaidi kichwani, kile cha juu ya dungu, nikajua kinachotafutwa.

Walipofika sita kwenye boriti, mtu mzima yeyote alijua kwamba pale si mahali pa kupumzikia. Ikafika zamu ya mwenzao mmoja ambaye alikuwa ameona yote. Akaipokea kata, maji yakamwagika kifuani. Akanywa kama watu wengine, akapita, akasimama nyuma ya umati bila kuinua macho. Huyo ni Mbwana.

Anayefuata alikuwa baba yako.

Nikaurudisha mfuniko juu ya mtungi, nikasema, "Maji yamekwisha."

Saidi akaufunua. Akaniambia, "Mbona mtungi umejaa, shemeji?"

Baba yako aliziangalia boriti. Akamwangalia Mbwana kule nyuma. Akaniangalia mimi. Mimi nilitikisa kichwa, kidogo tu, na nilikuwa nikimwomba kwa macho kama sijawahi kuomba sala. Akaniambia kwa sauti ile ya nyumbani, ya kuomba chumvi, "Lete, mama Shabani. Kiu haina aibu."

Nikampa. Nasema tena ili isije ikasomeka vibaya: nikampa kwa mkono wangu. Akaugeuza mpini. Wewe ukaamka, ukanyoosha mkono ukamshika ndevu, naye akanywa hivyo hivyo, umemshika, mpaka tone la mwisho. Akanirudishia kata. Akasema, "Maji yana ubani." Ndilo neno lake la mwisho la furaha kwangu. Mtungi nilikuwa nikiufukiza ubani kila Alhamisi, na aliutambua kwa kuonja.

Walifungwa kwa kamba zao wenyewe za kufungia boriti. Walipopakiwa mtumbwini aliniambia mpunga wa kando ya mto umeiva, nisiwaachie nguruwe. Basi. Miaka kumi na sita nimeligeuza neno hilo huku na huku kutafuta kama ndani yake alijua. Kama alijua kwamba ni mimi, alinisamehe au alininyima lawama kwa sababu ulikuwa mgongoni? Sijui. Hilo nitakwenda nalo kaburini, na siutaki uamuzi wako. Ni langu.

Boma waliwahukumu kwa kufanya chama kisichoruhusiwa. Habari ya Hamisi hata haikuandikwa, maana Mzungu aliona haina ushahidi, kwa hiyo Jumbe hakupata hata kile alichokitaka. Siku ile ile walipokamatwa watu walichoma nyumba zetu. Walikuwa jirani zetu, waliokula nasi. Mmoja alinitolea kinu changu kabla ya kuwasha moto, akakiweka kando taratibu, kisha akawasha. Ndicho hicho ninachotwangia. Wake wa wanywampini tulikatazwa kisima na kuombana moto. Saba walikwenda, wawili ndio waliorudi, hao wazee wako wa Kiongoroni. Baba yako alikufa gerezani kwa kuhara damu. Nililetewa shati. Lilikuwa limefuliwa, na sijui ni nani aliyelifua, lakini namwombea kila Ijumaa.

Katika matanga yake hakuja mtani. Mwanaidi aliogopa, na wengine waliogopa kwa kuwa yeye ameogopa. Matanga bila utani, mwanangu, ni kama wali usiotiwa chumvi. Unameza kwa sababu ni chakula. Hakuna aliyetuchekesha. Machozi yalikauka yenyewe.

Nikakuchukua tukahamia Umwe, juu ya mto, kwa mjomba wako. Na huko, sasa, ndiko ninakotaka ufike nami, kwa sababu kisasi nimewahi kukionja. Nakuambia ladha yake.

Nilikuwa nimejifundisha kusema kwamba ni Mwanaidi. Kosa la kwanza lilikuwa langu, lakini yeye ndiye aliyelichukua, si ndiyo? Mtani mwema angelizika. Nililala na neno hilo na kuamka nalo. Mwaka wa tatu, wakati wa njaa, watu walipanda kutoka delta kwenda kutafuta mihogo, na siku moja, jua limesimama wima, nikamwona Mwanaidi anakuja njiani. Amekonda. Mgongoni ana mtoto wa kike, kichwa kimelegea, homa. Akasimama uani kwetu. Hakunitambua mpaka nilipoinua uso. Mtungi ulikuwa pembeni yangu, kata juu yake.

Akasema, "Mtani, nipe maji ya mtoto."

Nikasema, "Maji yamekwisha."

Nililisema taratibu. Nililichagua. Maneno yale yale niliyoyasema kumwokoa baba yako, nikayasema kumwadhibu yeye. Akautazama mtungi, unatoka jasho kwa ubaridi, kila mtu angejua kwamba umejaa. Hakuufunua. Saidi alifunua wangu, yeye hakuufunua. Akaniambia, "Mimi nilidhani ni utani tu." Akamvuta mtoto mgongoni, akamkaza kanga, akaenda nyumba ya pili.

Yule mtoto alikufa siku ya pili yake. Homa haiponywi na kata ya maji, najua, na nyumba ya pili walimpa. Sisemi nilimuua. Nasema kwamba alikufa akiwa amenyimwa maji na mimi, na hilo halifutiki kwa hesabu yoyote. Nikaenda mazikoni nikasimama mbali. Mimi ndiye niliyekuwa mtani wa msiba ule, mimi ndiye niliyepaswa kuingia nikimtania mama wa marehemu mpaka acheke. Sikuingia. Kwa hiyo na yeye alizika bila chumvi. Na Saidi alikuwa pale, amekaa chini kwenye udongo, kilemba kimemfunguka, hakuna aliyemfungia.

Huyo ndiye adui uliyepewa. Mzee aliyezika binti. Kama alikuwa na lake la kulipa, alilipishwa siku ile, na aliyemlipisha ni mtu aliyekosea kwanza. Mwanaidi mwenyewe amekufa mwaka juzi. Nilisikia baada ya siku arobaini kupita.

Ladha yake ni nini? Nilipomwona anatokomea njiani nilisikia utamu kiasi cha kupumua mara tatu. Kisha nikachota kata ninywe mimi, kwa kuwa koo lilikuwa kavu, na maji hayakushuka.

Sasa baba yako mdogo Mbwana. Usije ukamwambia kwamba nimeyaandika haya, na usije ukamtazama kwa jicho jingine. Yeye anaamini kwamba mimi sikumwona, kwamba macho yangu yalikuwa kwa mume wangu tu. Mwache aamini. Ametulimia mpunga miaka yote tangu tuliporudi hapa Salale, amekufundisha upondo, amekuletea daftari la kwanza akiwa yeye mwenyewe hana kanzu ya Ijumaa. Kila tendo lake jema kwetu lina tone la maji yale yaliyomwagika kifuani mwake. Anamtaka Saidi kwa nguvu hivyo kwa sababu akimpata Saidi ataweza kuacha kujitazama. Nalijua hilo kwa kuwa ndivyo nilivyomtaka Mwanaidi. Wala mimi sikumlaumu siku ile. Alipokunywa kama watu wengine nilisema moyoni, ahsante Mungu, mmoja. Laiti na baba yako angefanya vile. Wazee wanakuambia alikufa kishujaa. Mimi ningekubali mwoga akizeeka hapa, ananiuliza chumvi iko wapi.

Kuhusu kesi ya mikorosho, sikuambii umpe Saidi miti isiyokuwa yake. Siijui kesi hiyo. Akija mbele yako kutoa maneno, andika anachosema kama anavyosema. Asipojua kusoma, msomee pole pole, na ukiona amekosea neno kwa uzee, muulize mara ya pili. Ni hilo tu. Sisi maneno yetu yalichukuliwa na watu walioyapeleka yasikokwenda, tangu langu la juu ya dungu mpaka la Hamisi na wavu wake. Nimetamani maisha yangu yote kuwe na mtu mmoja katika njia ile anayelipokea neno na kulifikisha kama lilivyo. Uliponiambia umepata ukarani, furaha yangu ilikuwa hiyo, si mshahara.

Lakini umeapa, na mimi sikukuzaa uwe mtu wa kuvunja viapo. Baba yako alikufa kwa kutokivunja chake. Nimekaa nikiwaza nitakutoaje humo, nikaona sina njia ya kukutoa. Nina njia ya kukuambia kiapo kinamhusu nani. Aliyetoa siri ya kata asipewe maji, na maji ya mkono wake yasipokewe. Hakisemi tarishi. Hakisemi Saidi. Kinasema mtu, na mtu huyo amekuchotea maji tangu hujui kusimama. Ukitaka kukitimiza, huna haja ya kwenda Kibiti. Kitimize hapa, uende huko ukiwa na moyo mweupe, mwandishi tu wa maneno ya watu.

Sikuandikii haya kwa ujanja ili nikubane. Nimejipima sana. Kama nakubana, basi ni kwa sababu ukweli wenyewe ni mwembamba na tumo wawili ndani yake.

Kamba ya begi lako imelegea, nimeishona. Shati la baba yako nimelikunja chini kabisa. Halikuingii, mabega yako yamemzidi, lakini nenda nalo.

Mtungi nimeujaza, na ingawa leo si Alhamisi nimeufukiza ubani. Kata iko juu yake, pembeni ya barua hii. Mimi nitakuwa uani, nimekupa mgongo, nitakuwa natwanga, na safari hii sitasikiliza kati ya pigo na pigo. Ukipita bila kunywa, nitajua, na nitakutakia safari njema kwa mgongo ule ule uliokubeba, na nitakusubiri mwaka huu na mwaka mwingine. Na ukinywa, mwanangu, kunywa kwa upande wowote. Mimi nimeweka tu kata. Mpini sikuuelekeza kokote.

Mama yako,
Binti Omari